Dobi wa Tottenham na kaburi lisilotiwa saruji

Pasi ya mvuke inashusha pumzi, na Teresia Kageha anarudi nyuma nusu hatua ili joto lipite. Kisha anainama tena juu ya shuka jeupe, analivuta pembe hadi pembe, na kulipitishia kiganja taratibu kama anayempapasa mtoto aliyelala.

Nje, mabasi mekundu yanapita na kutikisa kioo cha duka. Ndani, mashine za kufulia zinazunguka, redio inazungumza peke yake, na mwenye duka, Bwana Manish, anapiga chafya kwa sababu ya sabuni ya unga, kama afanyavyo kila asubuhi.

"Mama Daisy, hiyo shuka moja utapiga pasi mpaka Krismasi?" anauliza kutoka kaunta.

"Hii si ya hoteli, mzee. Niache."

"Ya hoteli unakunja kama chapati, hii unabembeleza. Na bei ni moja!"

"Basi nikate mshahara."

"Nikate nini? Kwani kuna kitu imebaki?"

Wanacheka wote wawili. Manish alizaliwa Kisumu, akaja Uingereza akiwa kijana, na sasa anaishi mtaa wa Queensbury na mkewe, Alka. Kiswahili chake hakijahama Kisumu. Teresia, mwenye miaka hamsini na minne, ametoka Vihiga, mwendo mfupi kutoka huko. Amefanya kazi katika duka hili la dobi huko Tottenham, kaskazini mwa London, kwa zaidi ya miaka kumi.

Mashuka anayoyabembeleza ni ya kituo kimoja cha utafiti katika chuo kikuu cha jijini. Watafiti wa kituo hicho wanaitwa wanaanthropolojia wa uchunguzi. Kwa maneno mepesi, wao husoma mifupa ya binadamu ili wajue ilikuwa ya nani: mwanamume au mwanamke, kijana au mzee, aliwahi kuvunjika mkono au hakuwahi. Kazi yao huanzia pale ambapo sura imekwisha kupotea na hakuna anayeweza kusema, "Huyu namfahamu."

Mtu akitambuliwa, ndugu zake huitwa. Hukaribishwa katika chumba kidogo chenye meza moja, na mezani hutandikwa shuka.

"Zamani sikujua," Teresia anasema bila kuinua macho. "Nilidhani ni ya wanafunzi wanaolala chuoni. Nilikuwa napiga pasi haraka haraka ili nimalize, niende zangu."

Alijua siku dereva wa duka alipougua, mwaka jana, ikabidi yeye na Manish wapeleke mzigo wenyewe. Alipokuwa akipita ukumbini na kikapu, mlango mmoja ulikuwa wazi. Akamwona mzee wa Kizungu ameketi kando ya meza, peke yake, ameweka mkono juu ya shuka. Halii wala haombi. Ameuweka mkono tu.

"Nikaona mkunjo wangu," anasema. "Ule mkunjo wa katikati niliouacha kwa haraka. Mkono wake ulikuwa juu ya mkunjo wangu. Niliona aibu, wee! Nikataka niingie nilinyooshe."

Hakuingia. Alisimama pale na kikapu hadi mkuu wa kituo, Daktari Haifa Nassar, alipomkuta. Daktari Haifa alimweleza kwamba yule mzee alikuwa amempata kaka yake, aliyepotea walipokuwa vijana.

Teresia akauliza swali moja, kwa Kiingereza chake cha kazini: mifupa iliyoungua, je, nayo huweza kusomwa?

"Mara nyingine," Daktari Haifa alimjibu. "Ila siwezi kukuahidi."

Manish, aliyekuwa akingoja garini, anasema mfanyakazi wake alirudi bila kikapu. "Nikamwambia, Teresia, kikapu ni ya paundi kumi! Yeye anaangalia mbele tu. Nikajua leo si siku ya mzaha."

*

Teresia ana mdogo wake aitwaye Zephaniah. Yeye husema "ana", si "alikuwa na".

Zephaniah ndiye kitinda mimba wa nyumba yao, kijana mrefu aliyependa kuchomekea shati hata akienda kukata majani ya ng'ombe. Alipata kibarua cha kupakia mizigo katika ghala la rangi jijini Nairobi. Miaka kumi na minane iliyopita, ghala hilo liliungua na vibarua waliokuwa ndani hawakutoka. Kilichobaki kilikuwa kimechanganyika. Familia zilingoja kwa miezi kadhaa, kisha mabaki yakazikwa pamoja katika makaburi ya umma, chini ya vibao vyenye namba.

Teresia alikuwa ameshafika London wakati huo. Alikuwa na mtoto mdogo, Daisy, na karatasi zake za ukaazi zilikuwa bado zinashughulikiwa. Akitoka nje ya nchi, asingeruhusiwa kurudi.

Kwao Vihiga, mtu asiyepatikana haachwi hivi hivi bila kuzikwa. Wazee walikata shina la mgomba lenye kimo cha kijana, wakalivisha shati na suruali ya Zephaniah, wakalilaza ndani ya jeneza. Likalazwa nyumbani usiku mmoja, watu wakalililia, na kesho yake likazikwa nyuma ya nyumba, upande wanakozikwa vijana wasiooa.

"Mimi nilizika kwa simu," Teresia anasema. "Dada yangu alishika simu juu ya kaburi ili nisikie udongo ukianguka. Nilikuwa nimesimama kituo cha basi, hapo tu karibu na kwa kinyozi. Mtoto mgongoni. Watu wananipita."

Mazishi yakaisha, ila mama yake akaweka sharti moja. Kaburi lile lisitiwe saruji.

Makaburi mengine ya boma lile yamesakafiwa, na mengine yana vigae. La Zephaniah ni la udongo. Mvua ikilibomoa, mama hulirudishia kwa jembe. Ukimuuliza sababu, husema kaburi la saruji ni tabu kulifungua. Sasa ana miaka themanini na mmoja, na kila mwezi wa Desemba wanawe humwomba aache ukaidi. Kaka mkubwa amekwisha kununua mifuko ya saruji. Imekaa ghalani.

"Watu wanafikiri mama amechanganyikiwa," Teresia anasema. "Hajachanganyikiwa. Anangoja. Na mimi naogopa kitu kimoja tu, kwamba atangoja hadi aondoke."

*

Baada ya siku ile ya mkunjo, Teresia alianza kupeleka mashuka mwenyewe. Daktari Haifa alimweleza bila kumficha kwamba kituo cha London hakiwezi kupanda ndege na kwenda kufukua makaburi ya Nairobi. Ruhusa ni ya wenye nchi, na kazi ni ya watu walio karibu. Kinachohitajika ni mtu wa Afrika Mashariki aliyesomea kazi hiyo, atakayerudi na kukaa.

Kituo kilikuwa na mpango huo huo. Kilitaka kumfundisha kila mwaka mwanafunzi mmoja kutoka Afrika Mashariki, chuo kikimsamehe ada, na wahisani wakimlipia chakula na malazi.

Kituo cha namna hii huishi kwa wahisani, Daktari Haifa anaeleza. Daktari wa meno aliyestaafu hutuma kidogo kila mwezi. Mjane mmoja alileta hadubini ya marehemu mumewe ikiwa bado kwenye sanduku. Wapo hata walioahidi miili yao wenyewe wakiisha kufa, ili wanafunzi wajifunze kwayo.

"Watu huwapa walio hai kwa urahisi," anasema. "Wasiojulikana hawana wa kuwaombea."

Kwa mwaka wa kwanza, mfuko wa mwanafunzi ulikuwa umepungukiwa paundi elfu sita. Usipojaa kufikia mwisho wa Juni, nafasi ingefutwa.

Teresia hulipwa paundi kumi na tatu kwa saa. Kodi ya nyumba huondoka na zaidi ya nusu ya mshahara. Hata hivyo, alimwambia Daktari Haifa kwamba wenzake wangejaribu.

"Aliniuliza, wenzako akina nani?" Teresia anakumbuka na kutabasamu. "Nikamwambia, daktari, wewe hujawaona Wakenya wakichanga."

*

Kila anayewajua Wakenya wa London anafahamu jinsi wanavyochanga. Mtu akifariki, picha yake hutumwa kwenye makundi ya WhatsApp. Huwekwa maua pembeni, jina chini, na namba ya akaunti. Kabla mwili haujatoka hospitali, nauli yake ya kurudi nyumbani imepatikana.

Tatizo ni kwamba Daisy, binti wa Teresia mwenye miaka ishirini, amezaliwa hapa. Husikia Kiswahili vizuri, ila hujibu kwa Kiingereza. Mama yake alimwomba atengeneze tangazo la mchango. Daisy akachukua picha ya Mjomba Zephaniah akiwa amechomekea, akaipamba kwa maua meupe kwa sababu yalimpendeza, akaandika jina, siku ya mkutano wa mchango, na ukumbi wa kanisa la Tottenham. Maelezo ya kituo aliyaweka chini kabisa, kwa herufi ndogo. Teresia alikuwa kazini, mikono imelowa. Alitupa jicho kwenye simu, akaona uso wa mdogo wake, akasema, "Tuma."

Pesa zikaanza kuingia jioni ile ile.

"Nikasema Mungu ni mwema," anasimulia. "Hata watu nisiowajua! Halafu nikaona mmoja ameandika *pole*. Mwingine *pole kwa msiba*. Nikashangaa kidogo, nikasema labda wanamaanisha msiba wa zamani."

Asubuhi yake akapigiwa simu na Mzee Wanjohi, dereva wa basi aliyestaafu, ambaye ni mwenyekiti wa chama chao cha kusaidiana kwenye misiba.

"Mama Daisy, pole sana. Sasa mwili uko wapi? Mochari ya hapa ama ya Nairobi?"

"Mwili wa nani, mwenyekiti?"

"Si wa ndugu yako! Usijali. Nimeshaongea na watu wa ndege."

Teresia aliketi juu ya gunia la taulo chafu. Daisy alipofika dukani na kuelezwa, alifunika mdomo kwa mikono yote miwili. Kwa Kiingereza, akasema kwamba maua yale yalikuwa mazuri tu, yeye hakujua kwamba maua ni kifo.

Kufikia Jumamosi, karibu nusu ya kiasi kilichopungua kilikuwa kimeingia kama rambirambi. Mkutano ulikuwa kesho yake, na Juni ilikuwa inakwisha. Rafiki mmoja alimshauri anyamaze, kwa kuwa pesa ni zile zile na marehemu ni yule yule.

"Nilifikiria kunyamaza. Sitakudanganya," anasema. "Nafasi ile niliiona iko hapa, mkononi. Lakini mama akija kuniuliza ilipatikana vipi, nimwambie nini? Kwamba nilimuua Zephaniah mara ya pili?"

*

Jumapili, watu walikuja wamevaa nyeusi.

Wanawake walileta sufuria za ndengu na chapati zilizofungwa kwa vitambaa, kama wanavyopeleka kwenye matanga. Viti vilipangwa. Hata kabla Teresia hajavua koti, mama mmoja alikuwa ameanzisha wimbo wa maombolezo na ukumbi ukaupokea. Daktari Haifa aliingia na gauni la kijani lenye maua, akasimama mlangoni, akamuuliza Daisy kwa mnong'ono ni nani aliyefariki.

Nyuma yake wakaingia Manish na Alka, wamevaa nyeupe tupu, kama Wahindu wavaavyo msibani.

"Na wewe, mzee?" Teresia alimnong'oneza. "Si unajua habari yote?"

"Najua alikufa zamani. Lakini picha iko na maua! Nikasema labda leo ndiyo siku ya kulia."

Teresia akaenda mbele. Walioshuhudia wanasema sauti yake ilikuwa ndogo hadi wa nyuma wakasogea.

"Ndugu zangu, kabla hatujala, naomba mnisikilize. Zephaniah hakufa juzi. Aliungua miaka kumi na minane iliyopita, na hatujamzika. Tulizika mgomba. Picha imewachanganya, na kosa ni letu. Kila aliyetuma pesa akidhani mwili unasafirishwa, pesa yake ipo. Nitamrudishia leo, mbele ya watu."

Wimbo ulikuwa umekatika. Kijiko kilianguka upande wa sufuria.

Kisha akawaeleza kuhusu kituo, mwanafunzi, na nafasi itakayofutwa.

Mzee Wanjohi ndiye aliyesimama kwanza. "Mama Daisy, nimevaa suti ya sufu na joto hili. Watu wa ndege nimewasumbua hadi wananijua kwa jina. Kumbe umetuita matanga ya mtu wa zamani?"

Mtu akacheka.

"Msicheke! Chama kina utaratibu. Tunachanga mtu akifa. Hatuchangi mtu akipotea."

"Ndiyo shida yenyewe, mwenyekiti," Teresia alimjibu. "Aliyepotea hana chama."

Mzee Wanjohi alisema hata kama ni hivyo, yeye anataka pesa yake. Daisy akamrudishia kwa simu pale pale. Wakafuata watu wengine watano au sita, wengine wakiangalia chini. Teresia alimshukuru kila mmoja kwa kuja.

Halafu akasimama kijana mmoja kutoka safu ya mwisho. Alikuwa Israël, kinyozi Mkongo, ambaye alikuja kwa sababu tu mteja wake alikuwa akija.

"Mimi siko mtu wa hapa kwenu," alisema. "Lakini mudogo yangu tulimuacha mu njia wakati wa vita. Alikuwa na miaka saba. Mama angali anamutilia chakula, kila mangaribi. Sisi hatukuzika hata mugomba. Kama kuna watu wanasoma mifupa, mimi nataka wakuwe wengi."

Akaenda mbele, akaweka noti mezani, akarudi kuketi. Kisha mama aliyekuwa ameongoza wimbo akauliza, bila kusimama, kama mfupa wa mtu aliyezama ziwani nao husomwa. Hakusema ni nani aliyezama.

Swali lile lilimhusu Daktari Haifa, na Daktari Haifa hajui Kiswahili. Teresia alikuwa analia. Basi Daisy, ambaye maisha yake yote amemjibu mama yake kwa Kiingereza, akajikuta anatafsiri.

"Anasema maji... maji haimalizi yote," alianza, uso umemwiva. "Anasema meno inakaa sana. Na hii... hii hapa ya chini..." Akajishika kidevu, amekwama.

"Taya!" ukumbi mzima ukampigia kelele.

"Taya! Thank you. Taya inaweza kuonyesha mtu alikuwa na miaka ngapi."

Kuanzia hapo ukumbi ukawa wa Daisy. Walimpa kila neno alilokosa: nyonga, ubavu, fuvu. Alipokosea walicheka, alipopatia walimpigia makofi. Watu waliokuja kulia wakaishia kula chapati huku wamejishika taya zao wenyewe, wakiulizana umri.

"Siku ile nilipata vitu viwili," Teresia anasema. "Mchango, na mtoto anayeongea na mimi."

Mchango haukutimia siku ile. Uliobaki ulitoka kwa watu wa kila namna: wateja wa Israël, wauguzi waliotumiwa tangazo jipya, safari hii bila maua, na marafiki wa Manish anaokutana nao katika hekalu la Kihindu huko Neasden. Manish anasema hakuwaomba kwa maneno mengi.

"Sisi tunachoma, mifupa hatuweki. Majivu inaenda na maji, basi, kwisha. Lakini lazima kwanza ujue nani unachoma. Niliwaambia hivyo tu. Na wanajua mimi sisumbui mtu kwa pesa, nasumbua Teresia peke yake."

Mwisho wa Juni, mfuko ulijaa.

*

Mwanafunzi wa kwanza anaitwa Faridah Mbwana. Ana miaka ishirini na tisa na anatoka Tanga, alikokuwa akifanya kazi katika mochwari ya hospitali. Alipochaguliwa, Mzee Wanjohi alimpigia Teresia simu.

"Kwa hiyo mmechangia Mtanzania?"

Kabla Teresia hajajibu, Manish, aliyekuwa amesikia, alimnyang'anya simu. "Mzee, Tanga mpaka Kenya ni karibu kuliko Tottenham mpaka Heathrow na hii trafiki yako. Lete koti yako ya sufu tufue, inanuka hasira!"

Mzee Wanjohi alikata simu. Wiki iliyofuata mkewe alileta koti. Pesa yake hajairudisha mpaka leo, na Teresia hamdai. Anasema mzee ana haki yake.

Siku Faridah alipokuja dukani kujitambulisha, alipiga goti kidogo na kusema, "Shikamoo, mama." Kwao Vihiga hawaamkiani hivyo. Teresia alibabaika, akatafuta jibu alilofundishwa shuleni, akalipata.

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Waliketi juu ya magunia ya taulo. Teresia akamweleza habari za ghala, za vibao vyenye namba, na za mgomba. Faridah alisikiliza hadi mwisho.

"Mama, siwezi kukuahidi kwamba atapatikana," alimwambia. "Moto hula vingi. Ninachoweza kukuahidi ni kwamba hakuna mfupa nitakaoupita bila kuuangalia."

Kisha akamwambia jambo ambalo Teresia hakuwa amelifikiria. Hata mabaki yakifukuliwa siku moja, yatahitaji kulinganishwa na ndugu wa damu, na mama mzazi ndiye bora kuliko wote. Mtu wa miaka themanini na mmoja asingojwe. Kipimo chake kinaweza kuchukuliwa sasa na kuhifadhiwa, hata ruhusa ikichelewa.

Ruhusa yenyewe haijatoka. Daktari Haifa amewaandikia wahusika jijini Nairobi, nao wamejibu kwamba wako tayari kuzungumza. Bado hawajasema zaidi. Faridah akimaliza mwaka wake, amepanga kuanzia kazi yake huko Nairobi. Nyuma yake, kituo kimeanza kukusanya kwa ajili ya mwanafunzi wa pili, na tangazo ametengeneza Daisy, kwa Kiswahili. Kabla ya kulituma alimuuliza mama yake maswali kumi.

Desemba hii, Teresia anakwenda nyumbani. Tiketi ameshakata. Atafuatana na mtaalamu kutoka hospitali, aliyepatikana kupitia kwa Faridah, ili kipimo kichukuliwe kama inavyotakiwa. Kaka yake mkubwa amemwambia kwamba wakiwa wote pale, basi na ile saruji itumike kabla haijaganda.

Leo, wakati wa chakula cha mchana, mashine zimenyamaza. Teresia anaweka simu juu ya meza ya pasi na kumpigia mama yake. Sauti ya kikongwe inajaza duka.

"Kageha, umekula?"

"Nimekula, mama. Sikiliza. Kuna mtu nitakuja naye, atakupima. Ili wakipata mifupa ya Zephaniah waweze kuijua."

"Atanipima nini? Damu sina ya kutosha."

"Si damu. Mate. Anaweka pamba ndani ya shavu, anatoa."

Kuku wa Vihiga wanasikika Tottenham. Manish ameacha kuhesabu vifungo vya shati la mteja.

"Mate tu?" mama anauliza.

"Mate tu, mama."

"Kumbe." Anavuta pumzi ndefu. "Miaka yote hii nilidhani watataka kitu ambacho sina."

Teresia anajifuta macho kwa pembe ya shuka, anagundua ni shuka gani, anacheka, na kulirudisha kwenye kapu la kufuliwa upya. Anamwambia mama yake kwamba watafika kabla ya Krismasi.

"Njoo naye," mama anasema. "Na umwambie kaka yako, ile saruji yake akajengee choo."